MREJESHO: Mzigo kwenye mteremko, nimeelewa

Wakuu, niliuliza hivi: kwa nini ubao ulioinamishwa unausukuma mzigo kwa kani ndogo kuliko uzito wake? Mmoja wenu aliniambia niende nikapime. Nimepima.

Jana hapa Tandika nililaza mizani ya bafuni juu ya ubao, nikaweka gunia la mchele la kilo 25. Ubao ukiwa mlalo, 25. Nikauinua nyuzi 30, mdogo wangu akilizuia gunia kwa chini lisiteleze: mshale ukasimama kati ya 21 na 22! Kosaini (cos) ya nyuzi 30 ni 0.866, mara 25 ni 21.65. Nilifurahi sana.

Kosa langu lilikuwa kudhani ubao lazima usukume kwenda juu moja kwa moja. Kumbe kani hiyo husimama pembemraba na uso wa ubao, basi hubeba ile sehemu ya uzito inayougandamiza ubao tu, yaani uzito mara kosaini ya pembe. Sehemu nyingine, uzito mara saini (sin) ya pembe, ndiyo inayovuta gunia chini kufuata mteremko. Hiyo aliibeba mdogo wangu, akisaidiwa na msuguano. Mikono ilimuuma kweli.

Asanteni sana. Jumamosi narudia kwa nyuzi 45.