Naomba ushauri: nilipenda sana kufuma, siku hizi hata sindano sishiki

MamaWawili_Lanet
Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri na tafadhali msianze mzaha mapema. Mimi nimependa kufuma tangu shule ya msingi, enzi zile tulikuwa tunanoa spoki za baiskeli kwa simiti zikuwe sindano, mwalimu anapita dawati kwa dawati akivuta kazi yako aone kama imelegea. Nimefuma kofia, skafu, sweta za watoto wangu wote wawili. Sasa hamu imeisha kabisa. Nafanya kazi duka la jumla hapa Nakuru tauni, natoka Lanet kukiwa giza narudi saa mbili usiku, kuna kazi za shule za watoto, kuna chama, kuna kwaya. Kuna sweta ya mzee wangu, rangi ya majivu, nilianza na hadi leo nikiishika naona ni kama sisongi mbele. Baridi ya Julai inakuja na nilimwahidi. Nyinyi mnaofuma na mko na shughuli kama zangu, mnarudishaje ile hamu?

Timboroa_Juu
Dada hama uje huku kwetu. Stesheni yetu ya reli iko futi 9,001 juu ya bahari, huku hamu ya sweta haijawahi kuisha hata Desemba.

NyarKisumo
Sweta Kisumu utavaa lini? Mimi nafuma kroshia na uzi wa pamba, vitambaa vya meza na viti. Babangu alikuwa Kicomi, kile kiwanda cha nguo hapa Kisumu, kabla kifungwe miaka ya 1990, nyumba yetu ilikuwa na uzi kila mahali, tulikuwa tunafungia hadi mifuko ya omena. Alipokosa kazi mama ndiye alitulipia karo na hivyo vitambaa, alikuwa anazunguka ofisi za serikali na kikapu, wafanyakazi wanachukua wanalipa mwisho wa mwezi, wengine wakimwona wanajificha. Sijui kuhusu hamu. Mama hakuwa na hamu, alikuwa na watoto saba. Lakini nikishika kroshia namkumbuka na mkono unaenda wenyewe.

KofiaMojaMoja
Hiyo sweta iweke kando kwanza. Sweta ya mwanaume ni kazi kubwa, ukiiona kwa kikapu inakutisha. Anza kofia ya mtoto mchanga. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hupoteza joto haraka na kichwa ndicho kikubwa kwao, ndio maana hata akiwekwa kifuani mwa mamake ngozi kwa ngozi bado anavalishwa kofia. Jioni mbili umemaliza, unapeleka wodi, kesho yake kuna mtoto ameivaa. Uliza tu wauguzi wanataka saizi gani, na uzi uwe laini, usitumie ule wa kuwasha. Mimi ndivyo nilirudi kufuma baada ya kujifungua mwanangu wa pili, nilikuwa nimechoka hadi chai naiona mlima.

FundiWaMashine
Nitawaambia ukweli. Mashine inatoa sweta ya shule kwa muda mfupi sana na bei yake mtu wa mkono hawezi kufikia. Mpeleke mzee dukani anunuliwe, wewe ulale.

Mwalimu_Njoro
Fundi, huyu mama hajauliza bei ya sweta. Binti yangu, mimi nimefundisha ufundi miaka mingi kabla haujatolewa kwa mtihani wa darasa la nane, na kuna kitu umesema wengine wamekiruka. Umesema husongi mbele. Mtu mwenye shughuli husonga polepole, hata mistari minne kwa wiki ni kusonga. Wewe unasimama wapi hasa? Ni shingo imekushinda, ni mikono?

MamaWawili_Lanet
Asante mwalimu. Shingo haijanishinda. Ni vile tu nikirudi kuishika nakuta si vile niliiacha. Labda ni uchovu. KofiaMojaMoja asante sana, nitajaribu kofia.

Mwalimu_Njoro
"Si vile niliiacha" ndio nini?

Timboroa_Juu
Paka.

MamaWawili_Lanet
Hakuna paka. Haya basi niseme, maana naona hamtaniacha. Mama mkwe amekuwa kwetu tangu Pasaka, amekuja kutoka Molo. Nikitoka kazini nakuta amefumua. Mara ya kwanza ilikuwa mistari michache nikafikiri mtoto amevuta. Halafu nikakuta nusu ya kifua haiko. Juzi nimekuta mbele yote imeisha, uzi umekunjwa mpira mzuri umewekwa kwa kikapu na sindano zimechomekwa juu. Hasemi kitu. Tunakula, tunaomba, tunalala. Mume wangu anasema nisimsumbue mama kwa sababu ya uzi. Nishaongea na shemeji yangu, mwisho wa mwezi mama anarudi Molo na gari tayari tumepanga, kwa hivyo hilo sikuja kuliuliza, mimi naomba ushauri wa kufuma tu.

Kiondo_Kijani
Wueh.

MtumishiWaBwana_Nax
Dada tubu hiyo mipango ya gari. Mama mkwe ni mama. Ruthu alimwambia Naomi, uendako nitakwenda, na wewe unakodi gari umrudishe kwa baridi ya Molo kwa sababu ya sweta? Mzee wa miaka hiyo kuwa kwako ni baraka.

MamaWawili_Lanet
Mtumishi, Molo kuna nyumba yake na shemeji na wajukuu wengine, sijamtupa barabarani. Namwogesha, namkandia ugali laini, dawa yake ya presha naiweka mimi kwa meza kila asubuhi kabla niende. Kitu kimoja tu ndani ya hiyo nyumba ni changu mimi pekee, na ndicho anafumua.

Anyango_wa_Milimani
Pole mamaa. Nisikize kidogo na usikasirike. Mamangu alikuwa anapasua mahindi makavu kutoka kwa gunzi, akimaliza anachanganya na ya jana anaanza tena kutafuta gunzi. Tulidhani ni ukaidi, kumbe kumbukumbu ilikuwa imeanza kwenda. Mikono inakumbuka kazi hata kichwa kikisahau. Mpeleke kliniki wamwangalie kabla hujampeleka Molo. Kuna vitu vingine vinaweza kumchanganya mzee, hata maji mwilini kupungua, hata mkojo ukiwa na maambukizi, na hivyo vinatibika.

MamaWawili_Lanet
Asante Anyango, pole kwa mama. Lakini huyu wangu kichwa kiko sawa kabisa. Chenji ya boda anahesabu na shilingi tano ikikosa anauliza. Majina ya watoto wote wa ukoo anayajua. Nilimpa hata uzi wake mwenyewe, wa buluu, afume anachotaka. Aliukunja tu, hajauanzia.

ShahidiMacho
Wadau naona mnalia bure. Angalieni vizuri. Mwanzo alisema anarudi saa mbili usiku, kuna watoto, chama na kwaya. Sasa mbele ya sweta ya mwanaume inafumwa saa ngapi hadi iishe na ifumuliwe mara tatu tangu Pasaka? Na nani anafumua sweta anakunja uzi mpira mzuri anachomeka na sindano juu? Hiyo ni filamu. Hapa watu hutunga mama mkwe wakitaka majibu mengi, mwaka jana tulipewa yule wa kuzika sufuria na tukachangisha.

Kiondo_Kijani
Ile ya sufuria iliniuma, nilituma pesa 😭. MamaWawili tafadhali sema kama ni kweli.

FundiWaMashine
Hapo Shahidi yuko sawa. Kama anafuma kweli aseme alianza na mishono mingapi na sindano gani. Mfumaji hawezi kusahau hiyo.

MamaWawili_Lanet
Sikuja hapa kufanya mtihani. Jumamosi natoka kazini saa saba mchana, Jumamosi jioni na Jumapili baada ya kanisa ndio nafuma, na siku ya kazi nafuma kwa matatu kukiwa na jam. Mara ya kwanza ilikuwa mistari michache, ya pili nusu, ya tatu ndiyo mbele yote, someni vizuri. Mishono 116. Ukanda wa chini mshono mmoja mbele mmoja nyuma, sindano namba 10, nikifika juu ya ukanda nabadilisha namba 8. Shingo ya V, nagawanya katikati, napunguza mshono mmoja upande wa shingo.

ShahidiMacho
Nimegugo sasa hivi. Namba 10 ni milimita 6, namba 8 ni milimita 5. Ukanda wa chini ndio hutakiwa kubana, nani anaufuma na sindano kubwa kuliko mwili? Kesi imekwisha.

Mwalimu_Njoro
Kesi haijaisha kijana. Hizo ulizosoma ni namba za Marekani. Sisi tulirithi namba za zamani za Uingereza na zinaenda kinyume, namba ikipanda sindano inakonda. Namba 8 yetu ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Kwa hivyo ukanda wake unabana kama unavyotakiwa. Wanaofuata mafunzo ya video za Marekani na sindano za soko letu waangalie milimita, wasiangalie namba, nimeona sweta nyingi zikiharibika hapo. Na 116 inaingia. Uzi wa kawaida na namba 8 unatoa karibu mishono 22 kwa sentimita 10, hiyo ni kama sentimita 53 mbele, mzee wake ni mtu wa kifua. Huyu anafuma. Na kufumua si kazi ya siku nzima, ukivuta uzi vizuri mbele yote inaisha watoto wakiwa bado shule.

ShahidiMacho
Sawa mwalimu. Ya namba nimekubali. Picha basi.

MamaWawili_Lanet
Hii hapa. Nilipiga Jumapili kabla haijafumuliwa, nilikuwa namtumia dadangu.

KofiaMojaMoja
Jamani imenyooka! Mkono wako ni mzuri sana.

FundiWaMashine
Mimi nimeikuza kwa simu. Dada usinichukie. Hesabu kutoka kushoto, karibu na pembe, juu kidogo ya ukanda. Kuna mshono umedondoka ukashuka kama ngazi, halafu ukafuma kupita juu yake. Ukivaliwa na kufuliwa ungeendelea kushuka.

Mwalimu_Njoro
Nimeona. Mama mkwe wako alikuwa anafanya kazi gani Molo?

MamaWawili_Lanet
Alikuwa na kondoo kama watu wengi wa huko. Na alifuma. Alifuma sweta za shule za kuuza kabla mashine zijae, mume wangu amesoma na hizo sweta. Macho yake sasa hayaoni vizuri, moja lina ukungu kabisa. Hawezi kuwa ameona.

Anyango_wa_Milimani
Haoni, anapapasa. Mshono uliodondoka unasikika kwa kidole. Na hilo jicho la ukungu si linaweza kuwa mtoto wa jicho, hiyo ni operesheni ndogo, watu wanaenda asubuhi wanarudi nyumbani siku hiyo. Ndio maana hajauanzia huo wa buluu, hawezi kuona mishono ya kuanzisha. Kufumua hakuhitaji macho.

MamaWawili_Lanet
Nimekaa na simu nikiangalia hiyo picha. Ni kweli umedondoka. Lakini hata kama. Angeniambia. Ni sweta yangu na makosa yake ni yangu, mshono mmoja naweza kuunyanyua na kroshia kutoka chini hadi juu bila kufumua chochote. Mimi nikitoka kazini nimesimama siku nzima, kitu cha kunipa nguvu ni kuona palipokuwa hapana kitu pamefika kwapa. Nikikuta mpira wa uzi tena, naona ni kama sijaishi hiyo wiki. Hapo ndipo hamu ilienda.

Kiondo_Kijani
Hapo sasa nimekuelewa, na sifumi hata kidogo.

NyarKisumo
Mamaa, mimi nina wazo. Mama yako ana mkono wa kufumua, mpe vya kufumua. Mitumba! Kuna sweta za sufu halisi kule mitumba zimeshikwa kitobo kimoja zinauzwa bei ya chai na mandazi. Zikifumuliwa unapata uzi ambao dukani hutapata. Wewe yako weka kwa droo kazini.

Mwalimu_Njoro
Wazo zuri, lakini kuna sharti. Geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona imekatwa na kushonwa zigizaga na mashine, iache, uzi utakatika kila mstari. Unataka ile vipande vimefumwa kila kimoja na kingo zake, vikaunganishwa. Vuta uzi kidogo wa ndani uuchome: sufu inanuka kama nywele iliyoungua na inabaki majivu ya kusagika, akriliki inayeyuka inakuwa gololi ngumu. Ukifumua uzi utakuwa umejikunja kama tambi, uzungushe mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, loweka maji ya vuguvugu, anika bila kukamua. Maji moto usijaribu, sufu inashikana. Mama wa Molo aliyeishi na kondoo haya yote anayajua, muulize yeye kabla hujaniuliza mimi.

MtumishiWaBwana_Nax
Na lile gari la mwisho wa mwezi?

MamaWawili_Lanet
Gari liko palepale mtumishi. Shemeji ameshatayarisha chumba na mama mwenyewe amekuwa akiuliza kuhusu kondoo. La jicho nimemwambia mume wangu usiku huu, ameshtuka, amesema Jumatatu ataomba ruhusa ampeleke waangalie, kwa hivyo tutaona daktari anasema nini kabla ya tarehe. Sweta ya majivu kesho inaenda kwa droo ya kazini. Kofia nitaanza kwa matatu. Mitumba nitajaribu moja nione atafanya nini nayo. Beli za sweta hapa tauni hufunguliwa siku gani?

FundiWaMashine
Wengi hufungua asubuhi na mapema, siku inategemea mwenye kibanda, muulize leo akwambie. Ukichelewa kamera, zile safi za kwanza, zote zimeenda unabaki na zile za mkekani. Na ukipata ya sufu nyeupe nzito nipigie kelele hapa, nitainunua mimi.

MamaWawili_Lanet
Nyeupe nikipata haiuzwi fundi 😅. Nitaleta picha.