Wauzaji wa gundi ya epoksi ya ndege, acheni kutuficha tarehe na namba ya bechi!

Wakuu, salaam. Leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Kuna mchezo mchafu kwa baadhi ya wauzaji wa vifaa vya ndege za kujijengea, hasa hawa wa mtandaoni. Unaagiza gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, rezini (A) na hadena ya kuigandisha (B), unaletewa vichupa viwili vya plastiki vimeandikwa A na B kwa kalamu. Tarehe ya kutengenezwa hakuna, namba ya bechi, yaani ya mkupuo wa kiwandani, hakuna. Ukiuliza unajibiwa "epoksi haiozi kaka, wewe tumia tu". Wengine ndio mafundi zaidi: wanabandika lebo mpya juu ya ya zamani, ukiikwangua kwa kucha unakuta mwaka mwingine kabisa.

Tuelewane kwanza. Muda ulioandikwa kwenye kopo ni ahadi ya kiwanda kwa kopo ambalo halijafunguliwa na limehifadhiwa kwenye joto lililotajwa kwenye karatasi ya maelezo. Ukilifungua, ile tarehe haikulindi tena. Ukiimimina kwenye chupa nyingine ndiyo kabisa. Kwa hiyo muuzaji anayenunua pipa na kugawa kwenye vichupa ameshaanza kula uhai wa gundi yangu kabla sijalipa, na bei haishuki hata senti. Hapo sijagusa safari: hadena nyingi ni bidhaa babuzi, mizigo ya namna hiyo mara nyingi hupelekwa kwa meli, na kontena la chuma lililoachwa juani bandarini Mombasa au Sohar, Oman, si sehemu ya kuhifadhia kitu chochote.

Sasa hawa wa "haiozi". Wanachukua sifa ya rezini na kuipa hadena.

Rezini, yaani A, kweli haifi kirahisi. Ikikaa kwenye baridi huganda chenga nyeupe kama asali ya zamani, na watu wanaitupa bure. Weka chupa kwenye maji ya nyuzi 50 hivi, kifuniko kikazwe maji yasiingie, koroga mara kwa mara mpaka iwe angavu kabisa, chini na kwenye kuta. Usiwahi kutumia ikiwa bado ina chenga. Chenga haiyeyuki kwenye mchanganyiko, na bado ni mbegu ya kugandisha chupa nzima tena wiki ijayo.

Hadena, yaani B, ndiyo yenye matatizo. Ni kemikali ya kundi la amini (amine), na amini hupenda sana unyevu na hewa ukaa. Kila ukifungua kifuniko kuna sehemu yake inayoungana na hewa na kuwa chumvi isiyofanya kazi. Angalia mdomo wa chupa: ukoko mweupe unaosagika kwenye nyuzi za kifuniko ndio huo. Ukipima gramu 40 za hadena ya namna hiyo, sehemu ya gramu hizo ni mzigo tu. Uwiano kwenye mzani uko sawa, kwenye kemia haupo. Gundi inaganda, ndiyo, lakini inabaki laini ndani na kulegea mapema kwenye joto. Na msidanganyane kwamba mtaongeza hadena kufidia, maana hakuna anayejua kilichokufa ni kiasi gani.

Rangi nayo isiwe hakimu. Hadena hukolea rangi kadiri inavyozeeka na bado ikafanya kazi vizuri. Nyingine ni safi kama maji, lakini ilishinda wazi kwenye karakana yenye unyevu, haifai.

Kwa nini napiga kelele? Chukua Pietenpol Air Camper, ndege ya mbao ambayo wajenzi wengi Marekani wanaiunganisha kwa epoksi iitwayo T-88. Kila ubavu wa bawa una vibao vidogo vya plaiwudi kwenye kila kona, kila kimoja kimeshikwa na gundi. Ukishafunika kwa kitambaa, hakuna jicho litakaloiona tena. Ndege ya kujijengea kule haibanwi na orodha ya gundi zenye kibali. Mjenzi ndiye mwenye dhamana. Mkaguzi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, au mwakilishi wake akija mwishoni anaona picha zako na daftari lako la ujenzi. Daftari hilo litaandikwa nini kwenye mstari wa bechi? "Kichupa cha kalamu"?

Ila na sisi wajenzi tusimsingizie muuzaji kila kitu. T-88 ni 1 kwa 1 kwa UJAZO. Kwa uzito ni 100 ya A kwa 83 ya B. Mtu anaweka gramu 50 na gramu 50 kwenye mzani, anazidisha hadena kwa asilimia 20, gundi inakuwa kama mpira, anakuja hapa kulia kwamba kauziwa iliyoisha muda. Epoksi nyingine, MGS L285, ni 100 kwa 40 kwa uzito, kwa hiyo rezini gramu 30, hadena gramu 12, kwenye mzani unaosoma 0.1. Gramu moja tu kwenye dozi ndogo hivyo ni zaidi ya asilimia 8 ya hadena yako.

Kabla ya kumlaumu mtu, pima. Chukua vipande viwili vya sprusi (mbao nyepesi ya ndege) ile ile unayojengea, upana milimita 25, vipishane milimita 25, nyuzi za mbao zielekee upande mmoja. Paka pande zote mbili, bana kwa wastani tu, ukikaza sana unaikamua gundi yote nje. Acha wiki nzima kwenye joto la nyuzi 25, kisha pasua kwa patasi kwenye mstari wa gundi. Mbao ikichanika na nyuzi zake zikabaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, endelea na kazi. Ukiona uso laini unaong'aa, bechi hiyo isikaribie bawa. Na kila dozi unayochanganya, bakiza kidogo kwenye kikombe, andika tarehe na kiungo ulichogundisha. Kesho yake chomeka kucha: ikiacha alama wakati dozi nyingine zilipofikisha umri huo hazikuacha, unajua pa kuanzia kufungua.

Ninachodai ni kidogo. Picha ya kitako cha kopo kabla sijalipa. Kopo la kiwanda, si kichupa. Cheti cha bechi nikikiomba. Iliyopita muda iuzwe, sikatai, ila iandikwe hivyo na bei ishuke. Kuongeza muda ni kazi ya kiwanda baada ya kupima bechi. Stika ya dukani haiongezi kitu.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kama ahifadhi gundi yake kwenye friji, acha. Rezini itaganda chenga, na hadena ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unatonea ndani. Kama imeshakaa huko, itoe jioni, ifungue kesho yake ikiwa na joto la chumba. Weka kabatini, pakavu, na ukimaliza kumimina futa mdomo wa chupa ufunge papo hapo. Vifuniko msivibadilishane, cha A kikifungwa kwenye B hutakifungua tena.

Na wewe mwenye vichupa visivyo na namba, gundishia jigi, ile fremu ya kushikilia vipande wakati wa kujenga, si ndege.