Ghorofa mpya za kupangisha Dar zilazimishwe kufunga sola?

Mchora Ramani: Wakuu, tujadili bila matusi. Sinza, Kijitonyama, Mbezi, kila ukipita kuna ghorofa jipya la kupangisha, vioo kuanzia chini hadi juu, na saa tisa alasiri ndani hakukaliki. Napendekeza kibali cha ujenzi kisitoke mpaka ramani ioneshe madirisha makubwa yakitazama kaskazini na kusini, na sola juu ya paa. Jua la Dar saa sita linakaa juu sana mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini unalikinga kwa kibaraza kifupi tu. La magharibi jua linaingia mlalo hadi kitandani, ndipo watu wanakimbilia kiyoyozi. Sola ianze na pampu ya maji, taa za ngazi na lifti. Pampu ijaze tangi la juu mchana, usiku maji yashuke yenyewe. Betri ya nini hapo? Na paa kwa sasa halina kazi, limejaa kamba za nguo na mazulia ya akina mama.

Mama Wawili: Halina kazi? Kaka, nguo zako anafua nani? Niko ghorofa ya nne, balkoni inatosha mtu mmoja na ndoo. Nina mapacha. Nepi nikazianike kichwani kwako?

Kipusa wa Temeke: Hahaha mapacha tena. Mleta mada umeyakanyaga.

Bwawa Oyee: Bwawa la Nyerere megawati 2,115, mgao tumeusahau, nyie bado mnatuletea habari za sola. Kuna watu hawapendi maendeleo.

Fundi Tandika: Mkuu, mgao na kukatika ni vitu viwili. Transfoma ya mtaa ikizidiwa, bwawa lijae hadi lifurike, mtalala giza tu. Ila mleta mada naye asitupambie. Chukua ghorofa sita, nyumba nne kila ghorofa, paa mita za mraba 300. Toa simtanki, chumba cha mashine ya lifti na njia ya kupita fundi, unabaki na nusu. Hapo zinakaa paneli kama 50 za wati 550, kwa siku uniti mia na kidogo. Gawa kwa nyumba 24, hazifiki tano. Kiyoyozi kimoja kikikesha kinazimaliza. Pampu, taa, lifti, sawa. Atakayeahidi wapangaji umeme wa bure ni tapeli.

Mstaafu Mwenye Nyumba: Nani analipa? Nimejenga kwa kiinua mgongo. Kodi ya jengo mmeipachika kwenye umeme wa LUKU tangu 2021, kodi ya zuio asilimia 10, sasa na sola. Na wapangaji wenyewe balbu ya ngazi tu wanachomoa.

Mpangaji Sugu: Shikamoo mzee. Balbu ipi hiyo? Nilipopanga mimi ngazi ni giza tangu nahamia, na pampu ya jengo zima imeungwa kwenye LUKU yangu. Kila mwezi nagonga milango kuomba elfu tano tano kama nadai rambirambi. Kodi umechukua ya miezi sita mkupuo.

Mstaafu Mwenye Nyumba: Marahaba. Jenga lako.

Jirani wa Nairobi: Huku kwetu kanuni zilitoka 2012, zikataka jengo linalotumia maji moto zaidi ya lita 100 kwa siku liweke hita ya jua. Muulize mwenye ploti yeyote kama alizisoma.

Kipusa wa Temeke: Maji moto Dar? Bomba langu saa nane mchana linatoa chai, bado majani tu.

Mtoto wa Mbeya: Njoo huku Juni uoge ya bomba alfajiri. Mnadhani Tanzania inaishia Kimara.

Kipusa wa Temeke: Soma kichwa cha uzi, mkuu. Kimeandikwa Dar.

Mama Wawili: Msihamishe mada. Nauliza, paa ni la nani? Naona mnaligawana tu hapa.

Wakili wa Kijiweni: Inategemea. Nyumba zikiuzwa mojamoja, kuna ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, paa linakuwa mali ya pamoja ya wenye nyumba, hakuna wa kujifungia sola yake bila kikao. Mkipanga kwa mzee mmoja, paa ni lake, dada. Hata kamba unafunga kwa hisani.

Mama Wawili: Hisani, kwa kodi hii?

Mchora Ramani: Jamani, turudi kwenye madirisha. Hivi vioo vya kusukuma, nusu ya dirisha haifunguki kabisa…

Mama Wawili: Anza kwa kuyaanua yale mazulia uliyoyasema.

Fundi Tandika: Dada punguza. Kijitonyama kuna jengo paneli zimeinuliwa kwa fremu za chuma, unapita chini bila kuinama, na kamba zote ziko humo kivulini. Upepo unakausha na nguo haipauki. Gharama iko kwenye chuma. Na siku ya kuosha vumbi la paneli muambiane, maana yale maji machafu yakidondokea shuka la mtu…

Mstaafu Mwenye Nyumba: Fundi, fremu hiyo imekula kiasi gani?

Mpangaji Sugu: Na hilo jengo lina nyumba wazi? Dalali asinijibu.