Tollens au Fehling: kipi kinafaa zaidi kutofautisha aldehaidi na ketoni?

mwl_kidato6
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia kidato cha sita, darasa lina wanafunzi 40, na tuko kwenye kutofautisha aldehaidi na ketoni (misombo ya kaboni yenye kundi C=O: kwenye aldehaidi liko mwisho wa mnyororo, kwenye ketoni liko katikati ya kaboni mbili). Safari hii nataka wafanye jaribio wenyewe, siyo mimi nifanye mbele wao wakae kutazama. Fedha za maabara zinatosha kitendanishi kimoja cha maana. Nasitasita kati ya Tollens na Fehling, na kuna aliyenishauri Schiff, vyote vitatu vikiwa vitendanishi vinavyobadilika vikikutana na aldehaidi. Mliowahi kuvitumia, nisaidieni.

binti_maabara
Mwalimu, chukua Tollens. Inatengenezwa kwa nitrati ya fedha na amonia, na mwanafunzi akiona aldehaidi inaifanya madini ya fedha ijitandaze kama kioo ndani ya testityubu yake, hasahau tena. Bei isikutishe: mililita 2 za nitrati ya fedha ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) zina gramu 0.034 tu za chumvi yenyewe. Wanafunzi 40, kila mmoja testityubu mbili, hufikishi hata gramu 3. Sharti ni usafi. Suuza testityubu kwa NaOH (haidroksaidi ya sodiamu) ya uvuguvugu, halafu maji yaliyokenekwa. Ikibaki na mafuta utapata matope meusi badala ya kioo, na mtoto ataandika jibu la ajabu.

chembe7
Dada hapo juu amesema kweli kuhusu kioo, lakini mimi kwa darasa la watu 40 naenda na Fehling. Tollens inataka mkono mtulivu: unadondosha NaOH kidogo, yanatoka mashapo ya kahawia, kisha amonia tone kwa tone hadi mashapo yayeyuke, hapo unaacha. Ukizidisha amonia kitendanishi kinapoteza makali. Fehling unachanganya A na B kwa kiasi sawa, unaweka sampuli, unatia kwenye maji yanayochemka, unasubiri dakika chache. Buluu inapita kijani, inaishia mashapo mekundu ya rangi ya tofali. Ketoni ya kawaida inabaki buluu. A ni salfeti ya shaba, B ni NaOH pamoja na chumvi ya tatreti, ambayo kazi yake ni kuishikilia shaba isije ikatuama kama haidroksaidi. Zihifadhi mbalimbali, zichanganye siku ya kazi.

mwl_kidato6
Asanteni. Sampuli niliyonayo stoo ni benzaldehaidi (aldehaidi) na asetoni (ketoni). Zitatosha?

Mzee_wa_Bunsen
Hapo ndipo penye mtego, mwalimu. Benzaldehaidi haikubali Fehling. Aldehaidi zilizoshikana moja kwa moja na pete ya benzini zinaipa Tollens kioo chake, ila Fehling inabaki buluu ileile. Wanafunzi wako wataona testityubu mbili za buluu na kuandika kwamba zote ni ketoni, na kwa walichokiona watakuwa na haki. Kwa stoo yako, jibu ni Tollens.

Lakini naomba hili ulichukulie kwa uzito wote. Tollens HAIHIFADHIWI. Nilipokuwa chuo, mwenzetu aliacha mabaki kwenye bika hadi kesho yake yakakauka. Alipokwangua tu, yakalipuka. Bahati vilikuwa vipande vidogo na alivaa miwani. Ikikaa inatengeneza misombo ya fedha na nitrojeni inayolipuka kwa kuguswa. Tengeneza ya kutosha kipindi hicho tu, pasha kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60 bila moto wa wazi, na ukimaliza yamwagie mabaki yote asidi ya naitriki iliyozimuliwa kabla ya kuosha. Hata vioo vizuri wanavyotaka kwenda navyo nyumbani, vioshwe.

dada_pH
Naongezea kuhusu sampuli. Ukishawishika kununua ethanali, aldehaidi nyingine, kumbuka inachemka kwenye nyuzi 20 hivi. Kama uko Dar, ukifungua chupa mchana inakutoka na harufu yote. Propanali, nayo aldehaidi, inachemka karibu na 48, inavumilika.

Glukosi ya dukani nayo inakubali vipimo vyote viwili, na ni rahisi kupatikana. Fruktosi je? Ni ketoni lakini pia inakubali, kwa sababu kwenye besi (kama NaOH) inajigeuza kuwa aldehaidi. Wape wanafunzi mfano huu baada ya kuelewa ule wa kawaida, usiwachanganye mwanzoni.

chembe7
Mzee, kwa benzaldehaidi narudisha maneno yangu, sikujua ndiyo iliyopo stoo. Ila mwalimu siku akipata fedha anunue na Fehling, maana Fehling ndiyo inayomtofautishia mwanafunzi benzaldehaidi na propanali. Tollens peke yake haimfikishi hapo, kwa kuwa zote mbili zinaipa kioo.

binti_maabara
Na Schiff iache kwa sasa. Inageuka zambarau-waridi hata kwa aldehaidi kidogo sana, lakini haitakiwi kupashwa moto, na besi inaweza kuirudishia rangi bila aldehaidi yoyote. Darasa la watu wengi litakupa majibu ya uongo.

mwl_kidato6
Nimeamua Tollens kwa benzaldehaidi na asetoni, wanafunzi wawili wawili, kila jozi testityubu mbili. Nitrati ya fedha nitawapimia mwenyewe, amonia waongeze wao tone kwa tone. Asidi ya naitriki nitaiweka tayari kwenye bika kubwa mlangoni, kila jozi imwage mabaki humo kabla ya kutoka. Mzee, asidi ya 2 M inatosha?

Mzee_wa_Bunsen
Inatosha. Miwani kwa wote, na wewe pia.