Naomba ushauri: pete ya tanzanaiti, dhahabu ipi na jiwe lishikwe vipi?

Ndugu zangu, niko Jinja na naomba ushauri kuhusu pete ya marehemu mama yenye jiwe la tanzanaiti, ambayo kijino kimoja kati ya vinne vinavyolishika jiwe kimelika hadi kinanasa nyuzi za vazi langu la gomesi. Sonara anapendekeza kuitengeneza kwa dhahabu ya karati 18, lakini mimi naelekea karati 14 kwa kuwa kwa kawaida ni ngumu zaidi, tena badala ya vijino ningependa ukingo wa dhahabu ulizunguke jiwe lote, maana tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 tu katika kipimo cha Mohs, kinachofika 10, na hupasuka kwa urahisi ikigongwa. Je, ukingo huo hautafifisha ile buluu yake? Na sonara aukunje vipi bila kulipasua jiwe? Kwa sasa pete nimeifunga kwenye kitambaa, siivai.