Baki kwenye TI-84: nafanyaje?

msomi_columbus
Habari za kazi wakuu. Niko Ohio, muhula huu nasoma hesabu za namba nzima chuoni, na kila swali ni baki. Nina TI-84 Plus niliyonunua ikiwa imetumika. Nikigawa 4587 kwa 23 inanipa 199.4347826. Shule ya msingi tungeandika "199 baki 10" tukaendelea. Nataka hiyo 10 itoke kwenye kikokotoo, maana mtihani una muda mfupi. Nafanyaje?

kibonyezo
Mkuu, bonyeza MATH, sogea kulia hadi NUM, kisha 0. Itatokea remainder( halafu andika 4587, koma, 23, funga mabano, ENTER. Kama haipo kwenye orodha, programu ya mashine yako ni ya zamani.

mwalimu_wa_zamu
Hiyo ni sahihi, lakini mdogo wangu usiishie kwenye kitufe. Hiyo 199 ndiyo mara ambazo 23 imeingia. 199 × 23 ni 4577. Toa kwenye 4587, inabaki 10. Iambie mashine ifanye hivyohivyo:

4587−23*int(4587/23)

int(, inayoshusha desimali hadi namba nzima ya chini yake, iko NUM, namba 5, na hata TI-83 inayo. Wapo watakaokwambia uchukue desimali uzidishe kwa 23. Ukinakili 0.4347826 kutoka kwenye kioo unapata 9.9999998, na nimeshasahihisha karatasi ambazo mwanafunzi aliandika 9. Inauma, kwa sababu mtoto alikuwa anajua.

msomi_columbus
Mwalimu, asante sana, imekubali. Sasa kuna swali la −17 kugawa kwa 5. remainder( inakataa.

mwalimu_wa_zamu
Lazima ikatae, imetengenezewa namba nzima chanya. Rudi kwenye int(:

−17−5*int(−17/5)

−17/5 ni −3.4, na int( inashuka chini hadi −4. Kwa hiyo −17 + 20 = 3. Ukichukua iPart( iliyo jirani yake, yenyewe inakata desimali tu, inabaki −3, na jibu linakuwa −2. Kwenye somo lako baki la kugawa kwa 5 ni 0 hadi 4, basi jibu ni 3. Na alama ya hasi ya mwanzoni ni kile kitufe chenye mabano kilicho chini karibu na ENTER. Ukibonyeza cha kutoa, mashine itatoa kutoka kwenye jibu lililopita.

binti_pwani
Mwalimu, na 7 kipeo cha 100, kugawa kwa 13? Nikiandika 7^100 naletewa 3.23447651E84.

mwalimu_wa_zamu
Hapo formula haikusaidii dada. Namba ile ina tarakimu 85, na mashine inahifadhi 14 tu, zilizobaki zimeshapotea kabla hujagawa. Panda kwa kuzidisha baki lenyewe kwa lenyewe, na kila hatua utoe 13 tena na tena hadi ibaki namba iliyo chini ya 13:

7² ni 49, baki 10
7⁴: 10 × 10, baki 9
7⁸: 81, baki 3
7¹⁶: 9
7³²: 81, baki 3
7⁶⁴: 9

100 ni 64 + 32 + 4. Zidisha 9 × 3 × 9 upate 243, kisha 243−13*int(243/13). Jibu ni 9.

binti_pwani
Imetoka 9. Nami nimejaribu 7^50 kwa njia hiyo, 32 + 16 + 2, nimepata 10.

mwalimu_wa_zamu
Ndiyo yenyewe.