Nikitupia maajabu ya mtandaoni kwenye grupu la familia hawajibu, na mama ananung'unika. Naombeni ushauri

MamaWawili_Berlin
Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Niko Berlin mwaka wa tisa sasa, nina watoto wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu. Kwetu ni Lindi, vijijini. Usiku watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, starehe yangu ni kuperuzi: picha za kale, ramani, habari za vitu vya kwetu vilivyohifadhiwa huku. Nikikutana na kitu cha kushangaza siwezi kulala nacho peke yangu, nakitupia kwenye grupu la familia. Tuko watu 23.

Mwezi uliopita nilimpeleka mkubwa kwenye makumbusho ya viumbe pale Invalidenstraße. Ukiingia tu ukumbini unakutana na mifupa ya yule dinosaria mrefu, mita 13.27 kutoka sakafuni mpaka kichwani. Mtoto ndiyo kwanza anajua kusoma. Akasimama kwenye maelezo, akafuata herufi kwa kidole: Ten-da-gu-ru. Akanigeukia: "Mama, huyu katoka kwa bibi?" Koo likanikaba, wakuu.

Usiku ule nilisoma mpaka saa nane. Wajerumani walichimba mifupa hiyo pale Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913, Vita vya Majimaji vikiwa vimepita juzi tu. Zaidi ya tani 200 zikasafirishwa, na mizigo ile ilibebwa na watu, kwa miguu, siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Nikakutana na jina la Boheti bin Amrani, aliyekuwa akisimamia wachimbaji. Nikatuma vyote: picha 11, linki nne na maelezo marefu.

Tiki za bluu tupu. Kesho yake mdogo wangu akaandika, "Dada, bando zetu ndogo." Kilichoniuma hasa ni mama. Alinipigia: "Mwanangu, mimi unanionyesha mifupa. Wajukuu zangu wanakula? Yule mdogo kikohozi kimeisha?"

Ni kweli, wiki tatu sikuwa nimemtumia hata picha moja ya mtoto. Lakini na mimi nina uchungu, maana nilidhani namletea kitu chake mwenyewe. Niache kabisa? Nifungue grupu jingine la wanaopenda mambo haya? Nyie mlio nje mnafanyaje?

Kaka_wa_Newala
Dada, mimi niko upande wa pili. Kaka yangu yuko Canada, naye ana moyo kama wako. Picha 11 kwa mtu aliyejiunga bando la siku moja ni mzigo, atazipita tu ili zisifunguke. Na mama zetu hawasomi maandishi marefu kwenye kioo kidogo, macho yamechoka. Tuma picha moja, halafu ongea. Rekodi sauti ya dakika moja kwa lugha ya nyumbani kwenu. Sauti yako ndiyo anayoitaka kwanza, mfupa utafuata.

BintiShangani
Pole dada. Niko Muscat, wazee wangu wako Unguja. Mimi nilijifunza baada ya kukosea. Nilikuwa nasambaza picha za "Zanzibar ya zamani" zinazozunguka, kumbe nyingine hata si za kwetu. Siku hizi nachukua kwenye hifadhi inayoeleweka. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na zinaangaliwa bure.

Nilimtumia babu picha moja ya kichochoro, sikumweleza kitu. Nikamuuliza tu, "Babu, hapa ni wapi?" Alizungumza nusu saa! Nyumba ya nani, nani alikuwa akiuza kahawa pale, mlango ule umekwenda wapi. Kwa hiyo dada yangu, mama usimpe habari. Mwombe habari. Wewe umesoma usiku mmoja, yeye ameishi huko maisha yake yote.

Mama_Leicester
Mimi nasema mambo mawili yasichanganywe. Mama yako mtumie yeye peke yake, wajukuu kwanza. Mimi kila Jumamosi napiga picha sahani ya mtoto kabla hajala. Ugali umo, mboga imo, bibi yake ameridhika. Picha za watoto usiziweke grupu la watu 23, wenzio huzirusha status na hujui zinaishia wapi. Mume wangu na mimi tulikosana sana kwa hilo. Maajabu yatafutie wapenzi wake.

Mkereketwa_Kusini
Mifupa hiyo irudi nyumbani!

MamaWawili_Berlin
Mkuu, hilo nalo linaniuma, ila lifungulie uzi wake, nitakuja.

Mrejesho. Jumapili nilimpigia mama kwa video, hatukugusa mifupa. Aliwaona wote wawili, wa pili akamkoholea makusudi ili apewe pole. Jioni nikamtumia picha moja tu, ile ya kale ya wapagazi wamebeba mizigo kichwani, na sauti: "Mama, wazee waliwahi kukusimulia habari hizi?"

Alijibu kwa sauti ya dakika sita. Anasema babu yake mzaa mama alikuwa kijana kwenye misafara ile. Mizigo ilikuwa mawe, ndivyo walivyoiita, mawe ya Wazungu. Alichokumbuka mzee mpaka uzeeni ni kata. Majani yakikauka njiani kata inapasuka, na mzigo unauma utosi. Ndiyo maana alifuga nywele maisha yake yote. Sikuwahi kuyasikia haya, na mdogo wangu wa bando naye hakuwahi. Ameisikiliza mara mbili.

Binti yangu akauliza kata ni nini. Bibi akachukua khanga, akaikunja na kuizungusha mbele ya kamera, taratibu, huku sisi tunafuatisha kwa kitambaa changu. Mtoto akaiweka kichwani, akapandisha kitabu chake cha dinosaria, akatembea nacho sebuleni. Na bibi kule Lindi anamwelekeza: "Shingo, mjukuu wangu. Nyoosha shingo."